Mama Mimi, mwanamke anayekiri makosa ya wageni

Asubuhi ndiyo kwanza inachangamka. Nje ya chumba namba tatu cha mahakama ya makosa ya barabarani, mwanamke mnene kiasi, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, anakunywa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai. Chai yenyewe haigusi kabla ya kazi. Anasema inamkausha koo, na koo ndilo jembe lake.

Kwenye benchi, pembeni yake, ameketi mzee mgeni aliyevaa koti zito kuliko hali ya hewa inavyotaka. Binti yake na mkwewe, mume wa huyo binti, wamesimama mbele yake kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Wote watatu hawakulala vizuri. Kesho jioni mzee anatakiwa apande ndege kurudi kwao, na kesi ya faini ya gari isipokwisha leo, ndege itaondoka bila yeye.

Kwao amemwacha mkewe kitandani. Bibi huyo amefanyiwa upasuaji wa nyonga na hawezi kuinuka bila kushikwa. Jirani aliyejitolea kumwangalia amesema wazi kwamba keshokutwa, Jumamosi, naye anaondoka. Baada ya hapo hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba.

Anayekunywa maji ni mkalimani wao. Anayo majina yake mawili mazuri aliyopewa na wazazi, lakini hapa mahakamani ukiyataja utaulizwa unamtafuta nani. Kuanzia hakimu hadi mfagizi, wote wanamwita Mama Mimi.

Binti wa mzee anamsogelea, anainama, ananong'ona.

"Mama, samahani, nina ombi. Baba akianza kubabaika humo ndani, msaidie. Wewe sema tu ile karatasi ya faini hakuiona."

"Akisema hakuiona, nitasema hakuiona."

"Na asiposema hivyo?"

"Mwanangu, mimi ni bomba tu. Maji yakiingia huku, yanatokea kule. Siwezi kuyageuza soda njiani."

Binti anacheka bila kupenda, kisha anarudi kusimama na mumewe. Macho yake hayabanduki mlangoni.

Kazi ya Mama Mimi ni kuwasemea wageni waliokamatwa kwa makosa ya barabarani na hawaijui lugha ya mahakama. Kuna aliyepita taa nyekundu, kuna aliyeegesha mbele ya geti la zimamoto, kuna aliyeondoka nchini faini ikiwa mfukoni akidhani ndege inafuta madeni. Ndugu haruhusiwi kumtafsiria ndugu yake. Binti wa mzee anazijua lugha zote mbili kama kiganja chake, lakini humo ndani atakaa nyuma na kufunga mdomo.

Malipo si ya kujivunia. Kesi moja inamlipa pesa ya kununulia kilo mbili za sukari na mkate, chenji ikatosha nauli. Kesi ikiahirishwa kabla mgeni hajafungua mdomo, halipwi kitu. Zipo siku anakuja asubuhi, anakunywa maji yake, anarudi nyumbani na chupa tupu.

Lakini wakubwa kwa wadogo wanamheshimu, na sababu ni moja. Mama huyu hatii chumvi, hapunguzi, wala hapambi. Mgeni akitukana, hakimu atatukanwa kwa Kiswahili fasaha. Mgeni akiguna, Mama Mimi anaguna. Na kila anachosema anakisema kama mgeni mwenyewe alivyokisema: mimi nilipita, mimi nililewa, mimi nilikimbia.

Hapo ndipo jina lilipotoka. Mwaka wake wa kwanza, aliletwa askari mpya kazini ambaye hakuelezwa mambo haya. Mama Mimi akasimama kizimbani ubavuni mwa kijana mmoja wa kigeni, akatamka kwa sauti kavu, "Mimi niliendesha nikiwa nimelewa, na yule askari nilimsukuma." Hakimu akaagiza mshtakiwa apelekwe mahabusu. Askari hakuuliza mara mbili. Alimshika mama wa watu kiwiko na kumkokota.

"Nilifika hadi mlangoni pa mahabusu," anasimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. "Namwambia, 'Si mimi!' Ananijibu, 'Mama, umekiri mwenyewe, nimesikia kwa masikio yangu.' Yule mlevi wangu kasimama kule kizimbani anatuangalia, hajui hata kinachoendelea. Hakuna wa kumtafsiria!"

Karani ndiye aliyemkomboa, akikimbia na viatu mkononi. Askari yule bado yupo, sasa ana cheo, na kila akikutana na Mama Mimi anampigia saluti.

Mumewe, fundi wa majokofu mwenye maneno machache na ulimi mkali, analo lake la kusema kuhusu kazi hiyo.

"Nyumbani sijawahi kumsikia huyu akisema kosa ni lake. Chumvi ikizidi, ni mimi niliyenunua chumvi kali. Halafu anakwenda mahakamani anakiri makosa ya watu asiowajua, na analipwa!"

Kesi ya mzee mwenye koti ilianza miaka miwili iliyopita, kwa furaha. Alikuwa amekuja kumpokea mjukuu wake wa kwanza. Mkwewe, fundi wa lifti, aliitwa kazini mji wa mbali wiki ileile ambayo mtoto alitarajiwa. Alimkabidhi mzee ufunguo wa gari lake, ambalo hata karatasi za viti zilikuwa bado hazijabanduliwa, akamwambia kupitia kwa mkewe, "Baba, nakuachia gari na mke. Vyote viwili ni macho yangu."

Uchungu ulipoanza, mzee aliendesha mwenyewe kwenye barabara asizozijua, binti akimwelekeza kutoka kiti cha nyuma katikati ya vilio. Alisimamisha gari pale alipoona mlango wa hospitali. Palikuwa mahali pa magari ya wagonjwa. Usiku huo akazaliwa msichana, na gari likakaa palepale hadi kesho yake.

Faini iliandikwa. Haikulipwa. Mzee akarudi kwao, na hakuna aliyeitaja tena mpaka alipokuja safari hii kumwona mjukuu akitembea. Mkwe alikwenda kulipia kibali cha gari cha mwaka, mashine ikamgomea: kuna faini ya zamani, na kwa kukaa imevimba mara tatu.

Nyumbani walimuuliza mzee. Akasema hakuona karatasi yoyote.

Mkwe akakata kauli. Alikwenda ofisi ya usalama barabarani, akapiga meza mpaka kalamu zikaruka. "Baba mkwe wangu hasemi uongo! Kama hakuiona, hamkuibandika!" Wakamwambia alipe tu yaishe. Akasema halipi hata senti, wampeleke popote. Wakampeleka alikotaka: mahakamani. Na kwa kuwa dereva alikuwa mgeni, amri ikatoka asivuke mpaka hadi kesi iishe.

Kwa hiyo mapenzi ya mkwe ndiyo yaliyoifanya faini ndogo iwe kesi. Mzee aliyatazama hayo yote akiwa sebuleni, mjukuu mapajani.

Karani anaita. Wanaingia.

Hakimu wa chumba namba tatu ni mwanamke asiyepaza sauti, na watu humsikiliza kwa kuinama. Mashtaka yalisomwa, Mama Mimi akayahamisha moja baada ya jingine kwenye lugha ya mzee. Mzee aliitikia kwa kichwa: ndiyo, gari aliendesha yeye. Ndiyo, aliliacha pale.

"Karatasi ya faini," hakimu aliuliza, "uliiona au hukuiona?"

Swali lilimfikia mzee kwa lugha yake. Alivua kofia. Aligeuka nyuma kumtafuta mkwewe kwa macho, na mkwe, kwa moyo wake wote, akamwinulia kidole gumba.

Hapo mzee akasema. Alisema kwa sauti ya chini, maneno mengi mfululizo, akiangalia kofia yake mikononi.

Chumba kizima kilikuwa kinasubiri. Watu watatu tu ndio waliojua kilichosemwa: mzee mwenyewe, binti yake na Mama Mimi. Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Alimtazama Mama Mimi na kutikisa kichwa polepole: usiseme, Mama, tafadhali, usiseme.

Mama Mimi alimwona. Anakiri kwamba alimwona. Mtu mwingine angepunguza pale. Sentensi fupi tu ingetosha, hakimu asingejua, mkwe asingejua, na jioni familia ingekula pamoja kwa amani. Yeye alivaa miwani, akanywa funda moja la maji, akapiga moyo konde.

"Niliiona," alisema.

Kidole gumba cha mkwe kilikuwa bado juu.

"Niliiona ikiwa imebanwa kwenye waipa. Maneno sikuyaelewa, lakini nilijua ni faini, kwa sababu hata kwetu faini zina sura hiyohiyo." Watu wakacheka, kisha wakaacha. "Niliikunja nikaificha ndani ya soksi. Mkwe wangu alinikabidhi gari jipya na hajanijua hata mwezi. Sikutaka arudi kumpokea mtoto wake wa kwanza, mimi nimsubiri mlangoni na aibu mkononi. Nilisema nitatafuta namna ya kulipa kimyakimya. Sikujua pa kulipia, na sikujua namna ya kuuliza bila kumuuliza yeye."

Mzee aliendelea, na Mama Mimi akaendelea, akimfuata nyuma kwa pumzi moja.

"Nimemdanganya mara mbili. Mara ya pili ndiyo inayoniuma. Alikwenda kugombana na watu kwa ajili yangu, na mimi nilikaa nyumbani kwake nikala chakula chake, nikanyamaza. Faini nitalipa. Hilo jingine sijui linalipiwa wapi."

Mwendesha mashtaka aliweka kalamu chini. Mkwe alikuwa ameteremsha mkono, na uso wake umemshuka pamoja nao. Sauti iliyosema maneno hayo ilikuwa ya mwanamke mwenye miwani ya kamba, lakini hakuna mle ndani aliyemwangalia yeye. Wote walikuwa wanamtazama mzee. Kama kuna kipimo cha kazi ya ukalimani, mwandishi wa makala haya anadhani ni hicho.

Hakimu aliandika kidogo. Kisha akasema mtu aliyemkimbiza mama mwenye uchungu hospitalini hatarajiwi kuzunguka kutafuta maegesho, na kwamba angelileta suala hilo mapema, huenda faini yote ingefutwa. Nyongeza zote akazifuta. Faini ya mwanzo akaiacha ilivyo.

"Hiyo ni ya soksi," alisema, bila kutabasamu. Amri ya kumzuia mzee kusafiri akaiondoa palepale.

Baadaye karani alieleza jambo ambalo familia haikulijua. Kama mzee angekana, mahakama ingelazimika kumwita askari aliyeibandika karatasi ile. Askari huyo alishahamishiwa mbali, na tarehe ya karibu zaidi ya kusikiliza kesi ilikuwa baada ya wiki tatu. Ule msaada ambao binti aliuomba kwa nia njema ndio ungeikosesha familia ndege.

Mama Mimi aliposikia hayo alishika kifua.

"Mimi sikuyajua hayo. Nisije nikavishwa kilemba ambacho si changu. Hata kama maneno yake yangemlaza ndani, ningeyasema. Ningelia, lakini ningeyasema."

Huko nje, mkwe alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Mzee alisimama hatua chache kutoka kwake, kofia bado mkononi, hajui asogee au abaki. Binti katikati yao hakujua aanze na nani. Wabeba mafaili waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo.

Hatimaye mkwe alimgeukia Mama Mimi. Angeweza kumtumia mkewe, lakini labda aliona jambo hili linahitaji mtu asiyeongeza wala kupunguza.

"Mama, niulizie. Kwenye soksi?"

Mama Mimi akauliza.

"Kwenye soksi," mzee alijibu.

"Ile siku nimerudi, tukakumbatiana pale mlangoni, ilikuwa bado kwenye soksi?"

"Ilikuwa bado. Ilikuwa inanikwaruza."

Mkwe alijaribu kukaza uso, ikashindikana. Kicheko kilimtoka kwa kishindo, akajishika ukuta, na kilipokwisha alikuwa anafuta macho kwa nyuma ya mkono. Alimwendea mzee, akaichukua kofia mikononi mwake na kumvalisha kichwani.

"Mwambie gari ni chuma tu," alisema. "Nilipomwambia ni macho yangu nilikuwa na ushamba wa gari jipya. Mwambie siku nyingine aniambie mimi. Nitapiga kelele, halafu nitalipa, halafu tutakula."

Mama Mimi aliyahamisha yote, pamoja na ushamba. Tafsiri hiyo hakuilipisha.

Familia ilipokwenda dirishani kulipa faini, mzee alibaki nyuma kidogo. Alimuuliza mkalimani swali ambalo, anasema, hajawahi kuulizwa na mgeni yeyote: ungeweza kunipunguzia, na binti yangu alikuomba, nilimwona. Mbona hukupunguza?

Mama Mimi akamjibu kwa kumsimulia habari ambayo mumewe anaijua na watoto wake hawaijui. Kisha, akiwa ameshaifungulia kinywa, aliisimulia tena kwa gazeti hili, chupa ya maji ikiwa imekwisha.

Akiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo alifanya kazi ng'ambo, akilea watoto katika nyumba ya watu wenye uwezo. Alikuwa na leseni, na asubuhi aliwapeleka watoto shule kwa gari la nyumba. Siku moja ikaja faini: gari limepita taa nyekundu kwa kasi, saa ambayo yeye alikuwa jikoni. Aliyeendesha ni kijana mkubwa wa nyumba ile. Wazazi wake walipoulizwa, walisema ni yaya.

Lugha ya huko alikuwa bado hajaishika. Alipelekwa mbele ya dirisha la ofisi ya faini na akapewa mkalimani, mtu wa kwao kabisa, mpole, mwenye umri wa baba yake.

"Nikamwambia, 'Baba, waambie si mimi niliyeendesha.' Akazungumza nao vizuri, wakatabasamu, wakagonga muhuri. Nikafurahi. Tulipofika kwenye ngazi akanishika bega, akaniambia, 'Nimekusaidia, mwanangu. Wewe ni mgeni, ukibishana nao watakuonea. Nimewaambia unaomba radhi, utalipa kidogokidogo.'"

Anavua miwani na kuifuta kwa upindo wa blauzi, ingawa haina vumbi.

"Alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia. Lakini maneno yangu aliyala. Mpaka leo, kwenye mashine za nchi ile, mimi ndiye niliyepita ile taa, na mimi ndiye niliyeomba radhi."

Alikataa kulipa. Miezi michache baadaye alirudi nyumbani kumzika baba yake, na hakurudi tena. Alipata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, lugha aliyoiokota ng'ambo ikazidi kukomaa kwa kuzungumza na wasafiri, hadi siku askari mmoja alipoingia akiuliza kama kuna mtu anayeweza kumsemea mgeni mahakamani. Alikwenda kwa siku moja. Ni miaka kumi na moja sasa.

Mtoto wa kike aliyekuwa akimlea, aliyemfunga kamba za viatu na kumsuka nywele, amekuwa mtu mzima. Humpigia simu kila sikukuu na kumwita mama. Anaolewa mwakani, na kiti cha mbele ameshasema ni cha nani.

"Amenialika mara nyingi, na kila mara nina sababu. Goti linauma. Mvua zimezidi. Mume hawezi kujipikia, na huyu mume anapika kunishinda! Ukweli ni kwamba naliogopa lile dirisha. Naogopa kufika uwanja wa ndege waniambie, 'Mama, una faini.'"

Anageuza macho kuelekea nje. Kwenye ngazi za nje, mkwe amemshika mzee mkono wanateremka, na binti anaongea na mtu kwenye simu, pengine bibi mwenyewe, akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Leo nimemsikia yule baba akijivua nguo mbele ya mkwewe, kwa mdomo wangu. Nikajiuliza, sasa mimi naogopa nini? Dirisha?"

Nauli ameanza kuiweka, na mumewe ameshamwahidi kuongeza malipo ya kutengeneza jokofu kubwa moja la hoteli. Siku ya kwanza ataenda ofisi ya faini, harusi itafuata. Wakisema alipe, atalipa. Wakitaka kumpa mkalimani, atamwomba akae pembeni anywe maji.

Karani anachungulia mlangoni kumwita: kuna mgeni mwingine, huyu kagonga taa ya barabarani. Mama Mimi anainuka, anakunjua mgongo, anavaa miwani.

"Kwenye chumba kile nimekiri makosa ya nusu ya dunia," anasema. "Nimeua hata ng'ombe wa watu. Sasa nataka mara moja tu, kabla sijafa, niseme 'si mimi', na anayesema awe ni mimi."